Binti yangu anakosa vikapu, na kila nikimsaidia anazidi kukosa

*Shangazi, salamu kutoka Moshi. Nina Coaster inayopiga ruti ya Moshi–Arusha na ni baba wa watoto watatu. Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja Arusha, na ni pointi gadi wa timu ya chuo ya kikapu, yule anayeuleta mpira na kuanzisha mchezo. Anacheza kikapu tangu kidato cha pili. Mkono wake ulikuwa haunipi wasiwasi: zile za pointi tatu, akitupa tatu, moja lazima iingie. Tangu likizo ya Krismasi mkono umegoma. Mechi tano zilizopita ametupa 31, zimeingia 4. Nimehesabu mwenyewe.*

*Nimejitahidi, Shangazi. Krismasi nilimnunulia mpira mzuri, namba 7, akaenda nao chuoni na anajifua nao peke yake alfajiri. Namrekodi kwa simu, zile zinazokosa nazituma kwenye kundi la familia ili wajomba zake waliowahi kucheza wamshauri. Jumamosi nikirudi naye Moshi anakaa siti ya mbele, namwelekeza njia nzima. Nimemwambia kwa sasa aache kabisa kushuti, agawe pasi tu mpaka mkono urudi. Mechi ya mwisho nilikasirika, nikamwambia ada siiokoti barabarani. Hakujibu kitu. Tulipofika Boma Ng'ombe nikaona kageukia dirishani analia. Jumamosi iliyopita hakuja nyumbani, kasema ana kazi ya kikundi. Mama yake ananiambia nimwache. Nitamwachaje mtoto anayezama?*

*Baba mwenye mawazo, Moshi*

Kaka yangu,

Mtu asiyempenda mwanawe hakai kwenye jua la saa nane kuhesabu mitupo 31. Hilo ulisikie kwanza, maana mengine yatakayofuata yatakuuma.

Nianze na mpira. Unasema mkono umegoma tangu Krismasi, na Krismasi hiyo hiyo ndipo ulipomletea mpira namba 7. Kaka, namba 7 ni mpira wa wanaume. Wanawake wanachezea namba 6. Namba 7 una mzingo wa sentimita 75 hadi 77 na uzito wa gramu 580 hadi 620. Namba 6 ni sentimita 71.5 hadi 73, gramu 510 hadi 550. Wewe ukiishika yote miwili unaweza usione kitu. Lakini anayetupa kutoka mita 6.75, ulipo mstari wa pointi tatu, vidole vyake vinaijua tofauti hiyo kama mguu wako unavyoijua klachi ya gari lako ukipewa gari la kuazima. Alfajiri anauzoesha mkono kusukuma mpira mkubwa na mzito, jioni kwenye mechi anapewa mdogo na mwepesi. Na ringi ni ile ile, mita 3.05 kutoka chini, upana sentimita 45.

Sikuapii kwamba sababu yote ni hiyo. Ila nilipofika hapo niliiweka barua yako mezani nikainuka, kwa sababu nilifikiria jambo moja. Huyu binti anajua. Pointi gadi wa chuo, anayeshika mpira kila siku ya Mungu, hawezi kushindwa kuutambua mpira wa wanaume mkononi. Anaamka alfajiri na baridi ya Arusha anakwenda kujifua nao kwa sababu umeununua wewe, na hakutaka kukwambia umekosea.

Kwa hiyo usiseme unamsaidia halafu hasikii. Anasikia mno.

Sasa hizo hesabu zako. Mtupaji anayeingiza moja kati ya tatu, akitupa sita kwenye mechi, karibu mara 9 katika kila 100 zitakosa zote sita bila yeye kuwa na kasoro yoyote. Mechi moja ya namna hiyo si ugonjwa. Mbili pia si ugonjwa. Tano mfululizo, hapo nakubaliana na wewe kwamba kuna kitu cha kuangalia, lakini kuangalia si kutangaza msiba. Msimu wa 2018 ulipoanza kule Marekani, Klay Thompson, wakati huo wa Golden State Warriors, mmoja wa watupaji hodari wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko, alitupa za pointi tatu 36 katika mechi saba za kwanza akaingiza 5. Linganisha na 4 kati ya 31. Mechi iliyofuata, tarehe 29 Oktoba mjini Chicago, aliingiza 14 na kuweka rekodi ya ligi. Mwenzake Stephen Curry, ambaye ni pointi gadi kama binti yako, tarehe 4 Novemba 2016 alitupa 10 dhidi ya Lakers na hakuna hata moja iliyoingia. Siku tatu baadaye aliingiza 13. Nimekuandikia haya wewe, ulale. Tafadhali usimtumie binti. Mtu aliye kwenye ukame hahitaji kuambiwa kwamba jirani kanyeshewa.

Wakati mpira unakosa, huwa unagonga wapi? Hukuniandikia, na hapo ndipo penye habari. Ukienda kulia au kushoto, hilo ni la kiwiko na miguu inavyosimama, na ni kazi ya kocha. Ukigonga mbele ya ringi, mara kwa mara, na hasa kipindi cha mwisho, jua miguu imeisha. Shuti haianzii mkononi, inaanzia kwenye magoti, na miguu iliyochoka hutupa mpira mfupi hata kama mkono ni mzima. Basi muulize mama yake aulize, kwa upole, binti anakula nini. Tunayajua maisha ya hosteli. Bumu, ile pesa ya mkopo wa masomo, likichelewa, mwanafunzi anakula chipsi kavu saa kumi na hiyo ndiyo asubuhi, mchana na jioni. Ukiongeza mazoezi mawili kwa siku, moja la timu na moja la alfajiri ambalo anakufanyia wewe, mwili unatoa wapi? Kwa msichana anayecheza hivyo, upungufu wa madini ya chuma nao ni wa kawaida kuliko wanaume tunaoishi nao wanavyofikiri. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha. Vilevile muangalie vidole na kiganja, wachezaji wengi huficha kidole kilichoteguka ili wasiondolewe kikosini.

Nakuja kwenye ushauri wako wa "usishuti, gawa pasi tu". Huu, kaka yangu, ufute leo. Nia yake ni njema lakini unamvunja mchezo mzima. Beki akishajua kwamba pointi gadi wa wapinzani hashuti, haji tena kumkaba. Anarudi nyuma, anasimama katikati, anaziba njia. Pasi zile zile unazotaka agawe zinakosa pa kupita, na wenzake wanne wanacheza dhidi ya watu watano. Akiwa wazi lazima atupe, hata kama ya mwisho ilikosa. Kocha wake bila shaka anamwambia hivyo, halafu wewe unamwambia kinyume kwenye siti ya mbele, na mpira unapomfikia mkononi anasikia sauti mbili. Kusita kwa nusu sekunde kunatosha kuharibu shuti nzuri.

Tena jiulize kwa nini, kama anavyokosa hivyo, kocha bado anampa nafasi ya kurusha hiyo mitupo yote mechi baada ya mechi. Kocha anaona vitu ambavyo kalamu yako haiandiki: nani anausogeza mpira mbele wakati timu imebanwa, nani anaita mchezo, nani anarudi wa kwanza kuzuia. Ukitaka kuendelea kuhesabu, na najua utahesabu tu, hesabu pasi zake zilizozaa vikapu, na mipira aliyopoteza, na mara ngapi alikuwa wazi akathubutu kutupa. Weka hesabu hiyo mfukoni mwako. Usimsomee.

Zile video. Ziondoe kwenye kundi la familia, leo kabla hujalala. Nafahamu ulitaka wajomba wasaidie. Lakini fikiria ni wewe, mtu kakurekodi kila siku uliyozimisha gari pale njia panda abiria wakikupigia kelele, na kile kipande tu ndicho kinachozunguka kwa shemeji zako, kila mmoja akiandika lake chini yake. Usipofuta wewe hawezi kukuomba ufute. Atanyamaza, kama alivyonyamaza kuhusu mpira.

Na lile neno la ada.

Wewe ni mtu wa huko mlimani, unalijua jani la sale na uzito wake. Mtu akikosa huenda nalo kwa aliyemkosea kuomba radhi, na sijasikia kwamba mila iliweka umri wa anayestahili kuombwa radhi. Sikulazimishi ukate sale. Ila neno lenyewe liseme, kwa kinywa, usilitume kwa ujumbe wa simu: "Mwanangu, lile la ada nilikosea. Ada nalipa usome, na ungekuwa huchezi kabisa ningelipa." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini". Ukiongeza "lakini" umelirudisha jani mfukoni.

Nikuambie ninalolijua kwa mwili wangu. Sekondari nilicheza netiboli, namba ya kufunga, na mwaka mmoja tukijiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, nilikauka kabisa. Ringi ya netiboli ina urefu ule ule wa mita 3.05, ila haina ubao wa kukuokoa. Mpira unaingia au hauingii, na watu wote wanaona. Nilirudi nyumbani mwisho wa wiki nikiwa nimejiandaa kwa maswali. Mama akanipa ungo wa mchele tuchambue. Tukakaa kwenye mkeka, yeye anatoa chuya, mimi natoa mawe, akanisimulia habari ndefu ya mbuzi wa jirani aliyekula kanga ya mtu. Nikangoja aulize. Hakuuliza. Tulipomaliza akapepeta, akasema tu, "Umekuwa na macho mazuri, hili jiwe mimi nisingeliona." Miaka imepita mingi na sikumbuki mkono ulirudi mechi ipi. Ungo ule naukumbuka mpaka mikwaruzo yake.

Kwa hiyo unauliza utamwachaje mtoto anayezama. Hujaambiwa umwache, kaka. Mama yake anasema uache kumfundisha kuogelea wakati amekushika shingo. Kocha anaye mmoja, wajomba wanamtosha, wenzake wa timu anao. Baba ni wewe tu, na hiyo nafasi kwa sasa iko wazi kwa sababu umeihama kwenda kuwa kocha msaidizi.

Jumamosi nenda kwenye mechi. Kaa mahali anapoweza kukuona, simu iwe mfukoni. Pigia makofi mambo ambayo hayaandikwi ubaoni, akidaka mpira uliokuwa unatoka, akimwinua mwenzake aliyeanguka. Mechi ikiisha usimkimbilie. Mwache akae na timu yake amalize maji, atakuja mwenyewe. Akikubali kurudi na wewe Moshi, simama Usa River mnunue mahindi ya kuchoma, mle mkiendelea na safari. Ukiona ulimi unawasha kusema kuhusu magoti, uliza habari za mwenzake wa chumbani. Akianza yeye kuzungumzia mechi, msikilize mpaka mwisho, na umuulize swali moja tu: "Unataka nikusaidie, au nikusikilize?" Atakalojibu lifuate. Nyumbani mama yake awe na mtori jikoni.

Kuhusu mpira namba 7, uwape wadogo zake kama ni wa kiume, watafurahi. Mwambie binti ukweli: "Nilinunua bila kujua, ungeniambia." Mnunulieni namba 6, lakini nendeni pamoja dukani achague yeye kwa mkono wake, na msiuite dawa. Zile alfajiri za peke yake, amwachie kocha aamue kama ziendelee. Mtu aliyechoka akizidisha mazoezi anazidisha kukosa.

Kuna jambo moja la kutazama kwa makini zaidi ya vikapu vyote. Akikosa usingizi kwa wiki, akiacha vipindi, akijitenga hata na marafiki, au ukimsikia anasema hana faida kwa mtu, hapo mambo yametoka uwanjani. Nenda mwenyewe chuoni, onana na mlezi wa wanafunzi, na umpeleke binti hospitali akazungumze na mtaalamu. Usingoje msimu uishe.

Niandikie baada ya hiyo Jumamosi. Usiniambie ameingiza ngapi. Nataka kujua mlizungumza nini kati ya Usa River na Boma.

Shangazi yenu, Arusha