Hodi kwanza, panga baadaye

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Huku hatujambo. Goti la baba yako linamsumbua, naye anashikilia kwamba ni baridi tu. Umeniuliza kuhusu mpasheni wa jirani yako hapo Kibaha: umepanda kwenye wavu wako mpya hadi nguzo ya pembeni imeinama, je, uukate au upeleke shauri kwa mwenyekiti wa mtaa? Nitakujibu. Ila niambie kwanza, huyo jirani mmeshawahi kusalimiana? Maana ujumbe mzima umemwita "yule wa nyuma", na mwaka wa pili huu unaishi hapo.

Ungekuwa upupu ningekuambia kata leo, kabla maganda hayajakauka upepo ukawamwagia watoto. Mpasheni si upupu. Najua vikono vyake vikishajisokota kwenye waya huvitoi kwa kuvuta, na mvua ikinyesha uzito unaongezeka, kwa hiyo nguzo kuinama hakunishangazi. Lakini pasheni huzaa kwenye machipukizi mapya, ukiupunguza baada ya mavuno unausaidia. Hayo ungemwambia mwenyewe kwa dakika tano, mmesimama hapo hapo kwenye wavu. Hodi kwanza, panga baadaye. Mmelelewa na maneno hayo, na mdogo wako huyaiga kwa sauti yangu akidhani sisikii.

Utakuwa unaukumbuka mkweme wetu, ule mmea wa kutambaa uliopanda mwembe wa uani. Mbegu alinipa bibi yako aliposhuka kutoka Amani. Mkweme una dume na jike, na hujui umepanda lipi mpaka uchanue. Nilipoona pamoja na dume nina jike pia, nilifurahi nikawaita hadi wanafunzi waliokuwa wanapita. Lakini jike lenyewe likaona mwembe wetu haulitoshi, likavuka kwenda kwenye mfenesi wa yule bwana wa bati jekundu na kuzaa huko huko, matunda yote upande wake.

Mimi nilikuwa msibani Korogwe. Kurudi, nakuta rundo mbele ya mlango wa jikoni. Mitambaa yote, majani yameshanyauka, na matunda yamekatwa vipande, mbegu ndani bado nyeupe laini, hazijaota hata ganda. Shina hakuligusa, hilo namkubalia. Alikata mpakani sawasawa, utadhani alipimiwa na afisa ardhi. Dume likaendelea kuchanua peke yake juu ya mwembe.

Nikaenda kwa mjomba wako, enzi hizo bado karani wa mahakama ya mwanzo, nikijua atasimama nami. Akaniambia: dada, tawi likivuka mpaka, mwenye kiwanja ana haki ya kulikata hadi mpakani, mradi asiingie kwako, na matunda yanabaki kuwa yako. Ndiyo sheria tuliyorithi kwa Waingereza. "Na mbona amekurudishia," akasema. Amenirudishia! Mjomba wako alikaa muda mrefu bila kuonja chai yangu.

Haki alikuwa nayo, sibishi. Kinachoniuma ni kwamba mkewe alipojifungua, wiki chache kabla, ni mimi niliyempelekea kweme za bibi yako, zile mbegu za mkweme, atwangie kwenye uji ili maziwa yashuke. Mama akala, mtoto akanyonya, baba akachukua panga.

Lakini tusimwonee. Tunda la mkweme hufika kilo 15, na yale yalikuwa yananing'inia karibu na bati lake, chini kuna mtoto mchanga. Ningekuwa mimi ningelala? Nisingelala. Sawa, lakini ningebisha hodi. Na pengine alibisha, mimi nipo Korogwe. Basi si angengoja nirudi? Kumuuliza baba yako hakuweza? Baba yako anasema kesi hii nimeiendesha peke yangu miaka yote, mshitaki mimi, wakili wa utetezi mimi, na hukumu sitoi.

Kuhusu mwenyekiti: atawaandikia wito, mtakaa kwenye benchi, atawaambia mpatane. Ukienda baraza la kata, tangu sheria ilipobadilishwa 2021 halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, ndiyo muende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwa ajili ya pasheni! Hizo nauli si bora ununue nguzo nyingine?

Sikuamulii. Umekua, una kiwanja chako na wavu wako. Nilijiapiza sitasema kata wala usikate, na sijasema. Ila kama ni kukata, ngoja matunda yaliyoanza kubadilika rangi yaanguke yenyewe, tumia mkasi, na ulivyovikata usivirushe ng'ambo. Na ukienda kumwona, mwenye nyumba mwenyewe, siyo kumtuma dada wa kazi... Basi, nimenyamaza. Hodi kwanza, hilo tu.

Yule mtoto wa bati jekundu sasa ni fundi bomba. Juzi kaja kunitengenezea koki ya uani, akakataa hela, na alipokuwa anatoka akauliza kwa nini ule mwembe hatuupogoi, matawi yanaelekea kwao. Nimemwambia nitafikiria.

Na kama ulishakata kabla hujanisoma, usiniambie.

Mama yako