Mtoto anatimiza miaka miwili tukiwa safarini: tumkatie tiketi ya aina gani?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni familia ya watu watatu, tunaishi Ilazo hapa Dodoma. Desemba tunataka kwenda Nairobi na Mombasa, kuondoka tarehe 12 na kurudi tarehe 22. Bajeti yetu yote ni shilingi milioni mbili na nusu. Mtoto wetu anatimiza miaka miwili tarehe 18, yaani tukiwa huko huko. Kwenye ndege tumkatie kama mtoto mchanga au tumlipie kiti? Au tupite barabarani? Na je, anahitaji pasipoti yake na chanjo ya homa ya manjano? Mimi na baba yake pasipoti tunazo. – Mama Amani

JIBU: Mama Amani, nimefurahi umeuliza kabla ya kulipa, maana tarehe 18 hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu hapa.

Kwenye ndege mtoto ni mchanga mpaka siku anayotimiza miaka miwili, na umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuruka, si wa siku ya kukata tiketi. Kwa safari za kimataifa mashirika mengi hutoza mchanga anayepakatwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akishafikisha miwili lazima awe na kiti chake, na nauli yake hupanda hadi kama asilimia 75. Kwa hiyo Amani angekwenda akiwa mchanga na kurudi akiwa mtoto wa kulipiwa kiti. Mashirika mengine hukubali kugawa hivyo. Mengine hudai kiti cha kwenda na kurudi mara tu yanapoona siku ya kuzaliwa imeangukia katikati. Ukimwandika mchanga safari nzima na kunyamaza, utakamatwa dirishani siku ya kurudi, na kiti kinachonunuliwa uwanjani siku ya safari huwa ghali mno.

Ushauri wangu ni kusogeza tarehe. Ondokeni mwishoni mwa Novemba, mwe nyumbani kabla ya tarehe 9 Desemba. Suala la umri linaisha. Pia mnaikwepa Jamhuri Dei ya Kenya, tarehe 12 Desemba, siku ileile mliyopanga kuondoka, na mnalikwepa wimbi la Krismasi ambalo hujaza treni ya Mombasa na kupandisha bei za vyumba pwani yote. Kama likizo ya baba haisogei, soma sehemu inayofuata kwa makini zaidi.

Kwa bajeti yenu, mimi nisingepanda ndege. Kutoka Dodoma mtahitaji kuunganisha ndege, na nauli za watu wazima wawili peke yake zitameza sehemu kubwa ya hizo milioni mbili na nusu kabla hamjanunua hata chupa ya maji. Nchi kavu inawezekana, na haina hesabu ya miaka miwili. Basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati linapita lami mwanzo hadi mwisho tangu barabara ile ilipokamilika mwaka 2018. Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi hazifiki 200. Pale Namanga mnagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Nairobi hadi Mombasa pandeni treni ya SGR: daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipi. Safari ni kama saa tano. Kateni tiketi mapema na mfike stesheni yake ya Nairobi, Syokimau, saa nzima kabla, kwa sababu ukaguzi wa mizigo unachukua muda na treni haimsubiri mtu.

Kurudi, msipite njia mliyokwenda nayo. Kutoka Mombasa vukeni kwa kivuko cha Likoni, mwende mpakani Lunga Lunga, muingie Horohoro upande wa Tanzania hadi Tanga na mlale hapo. Kesho yake chukueni basi kupitia Segera na Chalinze mpaka Morogoro, kisha SGR yetu hadi Dodoma. Treni ilipoanza mwaka 2024 nauli ya Dar hadi Dodoma daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000. Kutoka Morogoro ni chini ya hapo, na mtoto wa chini ya miaka minne halipi. Hata hivyo mtajeni wakati wa kukata tiketi.

Sasa hapa nitasisitiza, na ninaomba unisikilize kama mzazi. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena Oktoba 2023, na wengi wataona kulala ndani ya basi ni kuokoa pesa ya gesti. Kwa watu wazima wawili, sawa. Kwa mtoto wa umri huu, hapana. Ataamka kila kituo, atalia, nanyi mtafika Nairobi mmechoka kiasi kwamba siku mbili za kwanza zitaenda kwa usingizi na ugomvi. Safirini mchana, laleni Arusha usiku wa kwanza. Nairobi kaeni usiku mmoja tu, kisha mteremke pwani. Pesa ya kulala Arusha ndiyo nisingeigusa hata bajeti ikibana.

Mombasa tafuteni nyumba yenye jiko, upande wa Bamburi au Mtwapa, badala ya hoteli. Mtoto anataka uji wake saa yake, na chakula cha hotelini mara tatu kwa siku ndicho kinachomaliza bajeti za familia kuliko nauli. Beba unga wake wa lishe na thamosi. Pampasi zinapatikana kote, ila msizibebe wala kuzitupa kwenye mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, nasi tukafuata Juni 2019. Chukua mifuko ya kitambaa. Kigari cha kumsukumia kiache nyumbani. Khanga ya kumbebea itakufaa zaidi kwenye foleni za Namanga na vichochoro vya Mji wa Kale. Matembezi ya huko hayana gharama kubwa. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta hauna kiingilio, kivuko cha Likoni ni bure kwa mtembea kwa miguu, na kwa umri wake Amani atakifurahia kuliko Fort Jesus. Ninyi ingieni ngomeni hata hivyo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Kuhusu karatasi: ndiyo, mtoto anahitaji hati yake mwenyewe. Haandikwi kwenye pasipoti ya mama. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Kama fedha hazitoshi, Uhamiaji hutoa Hati ya Dharura ya Safari kwa nchi jirani, ambayo gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha, na kwa safari hii moja ningechagua hiyo. Zote mbili zinataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa hiyo kama bado mna tangazo la hospitali tu, anzeni hapo wiki hii. Viza ya Kenya hamlipi. Wala ile idhini ya kielektroniki iliyoanza 2024 haiwahusu raia wa Afrika Mashariki. Kama mmoja wenu atatangulia kurudi peke yake na mtoto, mwenzake aandike barua ya ridhaa.

Chanjo ya homa ya manjano ni muhimu hasa kwa kurudi. Kanuni za Tanzania zinamtaka abiria wa kuanzia mwaka mmoja anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, awe na kadi. Kadi huanza kuwa halali siku ya kumi baada ya sindano, kisha hudumu maisha. Msiiache mpaka wiki ya mwisho. Halafu nenda na kadi ya kliniki ya Amani: chanjo hii na ile ya surua-rubela zote ni za vijidudu hai vilivyodhoofishwa, hivyo hutolewa siku moja au kwa kupishana wiki nne. Kama alichelewa ile ya surua-rubela ya miezi 18, mwambie muuguzi kabla hajachoma.

Pwani kuna malaria kuliko Dodoma. Bebeni chandarua cha mtoto, ORS na zinki. Akipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba mlikuwa Mombasa.

Fedha badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni, Arusha au Nairobi, si kwa vijana wanaowazunguka Namanga na mafungu ya noti. Na katika hizo milioni mbili na nusu, tengeni laki nne tangu leo kwa ajili ya hospitali na nauli ya dharura ya kurudi. Zikae kwenye simu ya baba, nyingine zote kwenye yako.

Ukishaniambia kama likizo inasogea, nitakupangia siku kwa siku.