Binti anakariri maana za "run" mpaka analia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yupo kidato cha pili, shule ya kata hapa mjini. Jioni tukiwa gengeni anatoa daftari na kukariri maana za neno "run" alizonakili kwenye kamusi: kukimbia, kuendesha, kutiririka, kuchuja, kugombea. Akifika katikati zinamchanganya, anaanza upya. Juzi alilia. Kweli neno moja lina maana zote hizo? Na nimsaidieje, mimi nisiyejua Kiingereza?
Mama mwenye genge, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza mwambie afunge hilo daftari, maana orodha anayoikariri haimaliziki. Oxford English Dictionary, kamusi kubwa kabisa ya Kiingereza, ilipolipitia upya neno hilo, mhariri Peter Gilliver alikaa nalo miezi 9 akatoka na maana 645, na hapo ni "run" ikiwa kitenzi tu. Kabla yake bingwa alikuwa "set". Waingereza wenyewe hawazikariri, na mtihani wa kidato cha pili hautamtaka azitaje.

Sisi nasi tuna "kata". Binti yako anajua kukata nyama, kukata tiketi pale stendi ya Nanenane, kukata simu, kukata kiu, kukata tamaa, kukata rufaa. Hukumkalisha chini ukamwandikia orodha. Alilisikia neno likiwa na mwenzake, tiketi au simu au kiu, na huyo mwenzake ndiye aliyempa maana. "Run" anaweza kuipata kwa njia hiyohiyo, na hapo unaweza kumsaidia vizuri sana.

Mkiwa gengeni, wewe useme jambo kwa Kiswahili, yeye atafute sentensi ya Kiingereza. Unaendesha genge: "My mother runs a stall." Sukari imekwisha: "We have run out of sugar." Bomba limeachwa wazi: "The tap is running." Mdogo wake anatokwa makamasi: "His nose is running." Khanga mpya imechuja kwenye beseni: "The colour has run." Basi la Kondoa lipo kila siku: "The bus runs every day." Aandike sentensi nzima, kila mara. Taratibu ataona kwamba karibu zote zina kitu kinachokwenda bila kusimama, iwe maji, rangi au biashara. Mashine na treni zilipoenea Uingereza, watu walizielezea kwa neno hilohilo walilokuwa nalo, na kompyuta zilipokuja, programu nazo zikaingia humohumo.

Ninachokihofia zaidi kipo darasani. Mtoto amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na jiografia, baiolojia na fizikia kwa Kiingereza. Nimewahi kusahihisha daftari la mwanafunzi aliyekuta "run-off" kwenye mada ya mmomonyoko wa udongo, akaandika kwamba wakulima walikimbia mashamba yao. Mtoto yule hakuwa mzito hata kidogo. "Run-off" ni maji ya mvua yasiyozama ardhini, yanayotiririka juu yake na kubeba udongo. Mwambie hivyo mtoto wa Dodoma, ataelewa papo hapo: mvua ya Desemba inapiga ardhi iliyokauka, na maji yote yanashuka korongoni yakiwa mekundu. Vilima vya Kondoa viliharibika namna hiyo mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika zaidi ili majani yapate kuota. Picha hiyo watoto wetu wanayo. Walimu wenzangu wa jiografia, nawaomba sana: tumieni dakika mbili kuitaja kwa Kiswahili kabla ya kuandika ubaoni.

Kamusi ya kumnunulia au kumwazimia ni ile yenye sentensi za mfano. Asome mfano kwanza, maana baadaye.

SWALI: Mwalimu, kwenye habari za Marekani mgombea urais "runs". Za Uingereza wanasema mgombea ubunge "stands". Ipi sahihi?
Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Zote ni kugombea, na zote ni sahihi. Wamarekani husema "run for", Waingereza wamezoea "stand for". Kwa kuwa shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwenye insha ningekushauri uandike "stand for", na usichanganye mbili hizo katika insha moja. Ukishataja cheo, usiiache hiyo "for". "She stood for Parliament" ni aligombea ubunge. "She stood" peke yake, msomaji asiyejua habari yenyewe atadhani alisimama tu.