Geuze ya zamani: imeharibika au ndiyo ladha yake?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama chupa yako ya geuze, ile bia chachu ya Ubelgiji, iliyolala miaka mingi bado itafaa, na utajuaje kwamba uchachu wake ni ule unaotakiwa, si wa bia iliyogeuka siki. Umesema pia kwamba geuze uliyowahi kuonja ilikukunja uso, ukaiweka chini baada ya funda moja. Nianzie kwenye hilo funda moja, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huzikosa bia hizi.

Funda la kwanza halina ushahidi wa kutegemea. Geuze ina pH ya chini, kati ya 3 na 3.5 hivi, yaani asidi yake ni nyingi, na mdomo ambao haujajiandaa hushtuka: mate yanajaa, taya zinabana, na unachokumbuka ni ukali tu. Subiri dakika moja mate yatulie, kisha piga funda la pili, dogo, ulizungushe ulimini kabla ya kumeza. Uchachu utakuwa umerudi nyuma, na vilivyojificha vitaanza kutoka: ganda la limau, tufaha bichi, nyasi kavu, ngozi, mbao zenye unyevunyevu. Mimi huanza kuihukumu chupa kuanzia funda la tatu, na ninaokaa nao mezani huwaomba wasitoe maoni kabla ya hapo. Akitangulia mmoja kusema "siki", wote watasikia siki.

Ili ujue unatafuta nini, shika kidogo jinsi inavyotengenezwa. Geuze ni mchanganyiko wa lambiki za umri tofauti, na lambiki ni bia ambayo mpishi wake haitii hamira. Kwao ni Brussels na eneo la Pajottenland, kusini-magharibi mwa mji huo, Ubelgiji. Kimea cha shayiri na ngano mbichi huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na hopsi (maua yanayotia bia uchungu) zilizozeeshwa makusudi, ambazo uchungu umezitoka lakini bado zina nguvu ya kuwazuia bakteria wasiotakiwa. Kisha maji hayo matamu hupandishwa kwenye beseni la shaba, pana na la kina kifupi, yakalala humo usiku kucha yakipoa huku hewa ya nje ikiyapitia. Ndiyo maana hupikwa katika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili.

Nilipotembelea Cantillon kule Anderlecht, Brussels, kiwanda kilichoanza mwaka 1900, nilikaa muda mrefu kuliko wageni wengine pale juu penye beseni. Liko chini kabisa ya paa, na hewa inaingia kupitia mianya ya kuta. Utando wa buibui umeachwa ulivyo, kwa sababu buibui wanakula wadudu wanaofuata mapipa na matunda. Ukisimama pale unaelewa kwamba kuna vitu katika bia ile ambavyo hakuna mtu aliyevitia kwa mkono.

Asubuhi yake inaingia pipani. Mapipa ni ya mwaloni, mengi yamekwisha kubeba mvinyo, na humo ndani wadogo wasioonekana hupokezana zamu. Hamira ya kawaida inakula sukari nyepesi na kutoa kilevi. Baadaye bakteria wa jamii ya Pediococcus wanatengeneza asidi ya laktiki, na kuna kipindi bia huwa nzito, inavutika, ina ute. Ukiionja wakati huo utasema imeoza. Kisha inashika kazi hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces, ambayo Claussen, mtaalamu wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, aliitangaza mwaka 1904. Hii haina haraka. Inakula mabaki ya sukari ambayo hamira ya kawaida imeshindwa, inauondoa ule ute, na inaacha harufu za ngozi, zizi la farasi na matunda yaliyoiva sana. Mwishoni mchanganyaji anaonja pipa moja baada ya jingine, anaunganisha lambiki ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 3, kisha anafunga chupani. Changa inaleta sukari iliyobaki, nayo ndiyo itakayotoa gesi. Nzee inaleta kina.

Kwa hiyo uchachu ni kazi ya zamu moja tu kati ya kadhaa. Geuze ambayo ni chachu na basi, haina kingine, mimi naiona imeshindwa, hata kama bei yake inatisha.

Sasa jibu la swali lako la pili. Kuna asidi mbili unazopaswa kuzitofautisha mdomoni. Asidi ya laktiki hukaa ulimini, pembeni, ni kali lakini ya mviringo, na ikipita inakuacha unataka funda jingine. Asidi ya asetiki, yaani ile ya siki, hupanda puani na kuwasha koo unapomeza. Kidogo chake kinaruhusiwa, na kwa bia nyekundu za Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, ni sehemu ya tabia yake: Rodenbach ya Roeselare, inayozeeka katika mapipa makubwa ya mwaloni kwa karibu miaka 2, ina mguso wa siki uliowekwa sawa na utamu wa kimea. Lakini kwenye geuze, siki ikitangulia na kubaki peke yake, ujue oksijeni iliingia kupita kiasi, ama pipani ama kupitia kizibo kilichokauka. Dalili nyingine ni harufu ya kitu cha kufutia rangi ya kucha. Ikiwa hafifu mwanzoni, ipe nafasi. Ikizidi kadiri bia inavyopata joto, chupa hiyo imeharibika, na hakuna ufundi wa kuonja utakaoirudisha.

Kuna kasoro ya tatu, na hii inawachanganya hata wazoefu, kwa hiyo nitaieleza taratibu. Unanusa, hakuna shida. Unaonja, safi kabisa. Unameza, unaweka glasi mezani, unaanza kuzungumza, kisha sekunde kadhaa baadaye nyuma ya ulimi inajitokeza ladha ya nafaka iliyovunda, harufu ya kizimba cha panya. Inasababishwa na viambata viitwavyo tetrahidropiridini. Ndani ya bia yenye asidi kali havina harufu. Mate yakipunguza asidi ndipo vinaachiliwa, ndiyo maana vinachelewa. Wapo watu wasiovihisi kabisa. Mara moja tulifungua chupa ambayo nusu ya meza waliisifu na nusu waliisukuma mbali, na wote walikuwa wakweli. Ukikutana na hali hiyo kwenye chupa changa na una nyingine ya toleo lile lile, iache ilale miezi kadhaa zaidi, kwa sababu mara nyingi kasoro hii hupungua chupani yenyewe.

Kuhusu maandalizi, usifanye mambo mengi. Kama chupa imelala, iache imelala hadi siku yenyewe, au isimamishe siku moja au mbili kabla ili mashapo yashuke kwenye kitako. Ubelgiji hutumia kikapu kinachoiweka chupa kwa mshazari, na ukikipata kitumie. Usiipoze mpaka ikawa barafu. Baridi inafunga harufu na kuongeza ukali. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha. Fungua waya polepole, shika kizibo kwa kitambaa, maana geuze nzima huwa na gesi ya nguvu. Ukisikia kimya kabisa, usikate tamaa: chupa ya zamani sana inaweza kuwa imepoteza gesi na bado ikawa na utamu wa kunusa. Kizibo chenyewe kinuse, lakini usikihukumu, kwa sababu mara nyingi kinanuka ukungu wakati bia ni salama.

Andaa glasi zote kabla, za mvinyo zinafaa, na mimina kwa mkupuo mmoja bila kuinua chupa na kuishusha. Kila unapoirudisha wima, mashapo yanapanda. Achia kiasi kidogo chini, ukionje peke yake mwishoni: kina uzito wa hamira na mkate, wengine wanakipenda kuliko bia yenyewe. Usijipake manukato, usile chochote chenye pilipili kabla. Maji na mkate mkavu vinatosha. Na baada ya hapo suuza mdomo kwa maji, usikimbilie mswaki, kwani asidi hulainisha meno kwa muda.

Kisha ipe muda. Nusu saa ya kwanza huwa ya limau na mbao. Ikikaribia joto la chumba, harufu za shambani hufunguka, na ukakasi wa mwaloni unaanza kuhisika kwenye fizi. Andika unachopata kila baada ya muda, maneno machache tu, la sivyo utakumbuka la mwisho pekee.

Neno kuhusu uadimu, kwa sababu umesema chupa hii ni ngumu kupatikana. Uadimu wa bia hizi una sababu za kweli: miaka 3 pipani, mapipa machache, msimu mfupi wa kupika. Na ajali zipo. Mwaka 2009 kifaa cha kurekebisha joto kiliharibika katika ghala la kiwanda cha 3 Fonteinen kule Beersel, Ubelgiji, joto likapanda, na makumi ya maelfu ya chupa yakapasuka au kuharibika. Armand Debelder, mwenye kiwanda wakati huo, aliichukua bia ya chupa zilizobaki akaikeneka kuwa pombe kali ili apate kuendelea. Nakutajia hili ili uone pia joto linavyoweza kuifanya chupa: kama yako ilikaa karibu na jiko au dirishani, matumaini yapunguze.

Lakini uadimu hauongezi ladha. Nimeonja geuze za kawaida, zinazopatikana kila mwaka, zikaipita chupa iliyogombewa na watu wa nchi kadhaa. Geuze nzuri, ikihifadhiwa gizani penye ubaridi usiobadilika, inaweza kufika miaka 10 hata 20. Kriki, ile iliyolazwa na cheri, ni hadithi nyingine: tunda linafifia mapema, na baada ya miaka michache unabaki na lambiki nyekundu. Yako ni geuze na imeshafikia umri, kwa hiyo usingoje zaidi. Ifungue na watu watatu au wanne wenye subira, chupa ya mililita 750 inawatosha, kisha rudi hapa utuandikie ilivyokuwa mwanzo na ilivyokuwa baada ya saa nzima. Kama ile ladha ya panya ikijitokeza, taja pia ni nani aliihisi na nani hakuihisi.