Postiz ama Mixpost kwa seva yako? Tafuta funguo kwanza

Dada umeuliza kwa duka lako la madera uweke Postiz ama Mixpost, zile programu za kupanga posti za mitandao ambazo waziweka kwa seva yako mwenyewe (kompyuta iliyo mtandaoni saa zote), maana umechoka kulipa dola kila mwezi ndio posti zijitume zenyewe. Mi zote nshazitumia kwa ukurasa wa mamangu mdogo, apika biriani za oda hapa Kibokoni, na ntakwambia ukweli, programu si ndio itakutoa jasho, ni zile funguo za API, yaani vibali vya mitandao vya kuruhusu programu yako iposti.

Ukilipia huduma ya watu, wao washaomba ruhusa kwa Meta (wenye Facebook na Instagram) na TikTok zamani. Ukiweka yako, muombaji ni wewe. Unafungua akaunti ya developa, unaunda app, na ikiwa bado iko kwa hali ya majaribio posti zaonekana na wewe tu na wale uliowasajili kwa app. Mi sikusoma hapo, wiki nzima naona posti zatoka safi nafurahi peke yangu, mpaka mamangu mdogo akapiga simu, "Wewe, mbona wateja waniuliza kama nimefunga biashara?" TikTok ndio usiseme, app ambayo hawajaikagua kila video yaingia faragha. Instagram yataka akaunti ya biashara ama ya krieta, halafu picha yaivuta yenyewe kwa linki, kwa hivyo seva lazima ifikike kutoka nje. Ile laptopu kuukuu ya nyumbani achana nayo, nlijaribu, stima ikipotea na posti zapotea, bora ukodi seva ndogo.

Sasa zenyewe. Mixpost imeandikwa kwa PHP na Laravel, yataka MySQL na Redis za kuwekea data, nyepesi, lakini ile ya bure Lite ina kurasa za Facebook, X na Mastodon tu, Instagram na TikTok ziko kwa Pro ambayo walipa mara moja. Postiz ni ya leseni huria ya AGPL, mitandao tele bila kulipa, waiweka kwa Docker (yaendesha programu zikiwa zimefungashwa tayari) na PostgreSQL na Redis za data, na matoleo mapya yameongeza Temporal, ya kuendesha kazi za ratiba, juu yake, seva yangu ya giga 2 ilikuwa yahema kama mzee aliyepanda ngazi za Fort Jesus. Mi nlibaki na Postiz nikaongeza RAM.

Kama wewe ni Facebook na Instagram basi, tumia Meta Business Suite ni bure, si huria lakini yapanga posti vizuri na hakuna funguo za kuomba.

Halafu saa! Ramadhani nlimwachia binamu yangu kazi, nikamwambia menyu ya futari itoke saa kumi, yule akaandika 10:00, ikatoka saa nne asubuhi watu wamefunga waonyeshwa sambusa za nyama zachuruzika mafuta. Komenti za siku ile wallahi sitaki kuzikumbuka. Na uangalie seva yenyewe, nyingi huja na saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, iko nyuma yetu masaa 3.

Ukichagua Postiz, ukishafungua akaunti yako ingia kwa mipangilio yake uweke DISABLE_REGISTRATION iwe true, ndio mtu mwengine asijisajili. Mi nliisahau, nikaingia siku moja nikakuta wageni wawili washajisajili kwa seva yangu, siwajui hawanijui.