Kujitolea ng'ambo ya mpaka: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi mjini Goma. Natamani kwenda Uganda kujitolea miezi michache kwa wakimbizi wanaopitia kituo cha Nyakabande. Je, nifike tu na kujitambulisha?
Msomaji wa kike, Himbi

JIBU: Dada yetu, nia yako ni njema, lakini usivuke kabla ya kukubaliwa kwa maandishi. Kituo hicho, kilichoko wilayani Kisoro, husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda pamoja na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na wengi waliovukia mpaka wa Bunagana hukaa hapo kwa muda kabla ya kupelekwa katika makazi kama Nakivale. Anayefika bila shirika linalomjua huwaongezea wenyeji kazi. Yaandikie mashirika yanayohudumu hapo, au jiandikishe katika UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa unaowapa waliojitolea posho ya kujikimu. Atakayekudai ada ya kuandikishwa, mkatae.

Kutibu ni jambo jingine, kwani Uganda ina baraza lake la wauguzi linalotoa leseni. Hata hivyo Kiswahili chako, na Kinyarwanda ikiwa unakijua, ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani: mama aliyepotezana na watoto wake njiani anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake, kumfikisha kwa Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta jamaa waliopotezana, na kutorudia kisa chake popote. Usiwapige picha, wala usimwulize mtu alimkimbia nani. Wewe unatoka kwao, na swali hilo likitoka kwako linaweza kuwatia hofu kuliko likiulizwa na mgeni.