Mdogo Wangu, Anza na Mikono

Nikiulizwa na wasichana wanaotaka kuichezea Tanzania kriketi, swali la kwanza huwa lilelile: dada, ninunue bati gani? Bado usinunue. Bati nzuri ni ghali, na mimi miaka ya mwanzo nilitumia la timu, tukipokezana pedi za miguu zikiwa bado na jasho la aliyetoka. Anza kwa kujifunza kudaka.

Nasema hivi kwa uchungu. Katika moja ya mechi zangu za mwanzo za kimataifa, tukiwa ugenini, nilipangwa karibu na mpaka wa uwanja. Mpira ukapaa juu sana. Nilikuwa na muda wa kutosha, na muda huo ndio ulioniponza: nilisimama kuusubiri badala ya kuufuata, nikajinyoosha dakika ya mwisho na mikono imekakamaa, mpira ukagonga kiganja ukaanguka. Ningeudaka kabla haujagusa ardhi, mpigaji angetoka; badala yake aliendelea mpaka ova zetu zikaisha, kila ova ikiwa mipira sita. Tangu Julai 2018, mechi za ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama wa ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, huhesabiwa rasmi kuwa za kimataifa, kwa hiyo mikimbio yake, yaani alama alizopata kwa kupiga, imo kwenye kumbukumbu mpaka leo. Kosa langu halikuandikwa popote. Nalikumbuka mimi.

Watu husimulia bati, na wana haki. Juni 2019 mjini Kigali, kwenye mashindano ya Kwibuka ya kriketi ya wanawake, mpigaji wetu Fatuma Kibasu alipiga mikimbio 108 bila kutolewa dhidi ya Mali. Tanzania ikamaliza na mikimbio 285 kwa kupoteza wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja tu ndiye aliyetolewa. Hebu fikiria maana yake: wengi wa wapigaji wetu walibaki nje na pedi zao, zamu haikuwafikia. Lakini Mali walipoingia kupiga, sisi wote kumi na mmoja tulitakiwa uwanjani kudaka. Kwenye timu changa, ambayo mechi zake ni chache, unaweza kusafiri hadi nchi nyingine ukapata mipira mitano ya kupiga, au usipate kabisa. Kudaka utapata kila siku.

Kuhusu kazi na masomo nitasema kidogo: usiache. Mara tu ratiba inapotoka, peleka barua kwa mwajiri au mwalimu mkuu. Mimi niliwahi kusubiri hadi wiki ya safari, nikanyimwa ruhusa, na nafasi ile ikaenda kwa mwenzangu.

Turudi kwenye mikono. Chukua mpira wa tenisi, simama hatua nne kutoka ukutani, urushe na uudake. Ukija chini ya kifua, vidole vidogo vigusane na viganja vitazame juu. Ukija usoni, vidole vielekee angani. Mpira ukigusa kiganja, rudi nao kuelekea mwilini kama unayepokea mtoto aliyelala. Ukizoea, hamia mpira wa ngozi. Wa wanawake una uzito wa gramu 140 hadi 151, na wiki ya kwanza viganja vitawaka.

Kisha mwombe mwenzako akurushie mipira ya juu saa kumi na moja jioni, wewe ukilitazama jua. Kinga jua kwa mkono mmoja, macho yasiuache mpira, na miguu ianze kwenda kabla hujajua utaangukia wapi.